Miaka inayotangazwa na miaka inayotumikiwa: kesi za jinai Marekani hatua kwa hatua

Sean Combs, mwanamuziki wa Marekani maarufu kama Diddy, alikamatwa New York mwezi Septemba 2024, na tangu siku ile habari zilizunguka na sentensi moja: anakabiliwa na kifungo cha maisha. Oktoba 3, 2025 jaji akampa miezi 50. Wengi waliokuwa wakifuatilia kesi hiyo kwenye simu walihisi wamepigwa changa la macho. Wapo waliosema pesa imezungumza, wapo waliodhani amepewa msamaha. Ukweli ni mkavu zaidi: namba zote mbili zilikuwa sahihi, ila kila moja ilikuwa ya hatua yake.

Namba ya kwanza hutoka kwa mwendesha mashtaka, pale anapochagua ashtaki kosa gani. Ni hapo, muda mrefu kabla jaji hajafungua mdomo, ndipo adhabu nyingi za Marekani zinapoamuliwa. Tunachokiona kwenye televisheni, mawakili wakigombana mbele ya juri, yaani raia 12 wa kawaida wanaoamua hatia, ni sehemu ndogo sana ya kazi yenyewe.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Shtaka ni kosa moja linalodaiwa, na hati moja inaweza kubeba mashtaka matano au mia mbili. Kutiwa hatiani ni uamuzi kwamba kosa limethibitishwa au limekiriwa. Adhabu ni jambo la siku nyingine, mara nyingi miezi kadhaa baadaye. Combs alitiwa hatiani Julai 2, akasomewa adhabu Oktoba. Kosa kubwa, kwa kipimo cha shirikisho na cha majimbo mengi, ni lile ambalo kifungo chake kinaweza kuzidi mwaka mmoja; lisilofika hapo ni kosa dogo. Huo mpaka wa mwaka mmoja uweke kando, tutauhitaji.

Milango miwili

Marekani haina mfumo mmoja wa mahakama za jinai. Ipo serikali ya shirikisho, na yapo majimbo 50, kila moja na sheria zake za jinai, mahakama zake, magereza yake na viwango vyake vya adhabu. Wizi, mauaji, ugomvi wa nyumbani, kuendesha gari umelewa: hizo karibu zote ni kesi za majimbo. Shirikisho hushika yale yanayovuka mipaka au kugusa mamlaka yake, kama dawa za kulevya zinazoingizwa kutoka nje, ugaidi, ulaghai wa benki na makosa ya uhamiaji. Jina la kesi lenyewe hukuonyesha uko mlango gani. "Marekani dhidi ya fulani" ni shirikisho. "Watu wa Jimbo la New York dhidi ya fulani" ni jimbo.

Tendo moja linaweza kupita milango yote miwili. Derek Chauvin, polisi aliyemuua George Floyd mjini Minneapolis, alihukumiwa na jimbo la Minnesota miaka 22 na nusu mwaka 2021, kisha shirikisho likampa miaka 21 mwaka 2022 kwa kuvunja haki za kiraia, vifungo vikienda kwa pamoja. Kwa sheria ya huko hiyo haihesabiki kuwa ni kushtakiwa mara mbili kwa kosa moja, kwa sababu walioshtaki ni serikali mbili. Mahakama ya Juu ilisisitiza hivyo tena mwaka 2019. Jambo hili lina uzito wake. Rais husamehe makosa ya shirikisho tu, na kifungo cha jimbo hana mkono nacho. Ukisikia mtu anasubiri msamaha wa Rais, uliza kwanza kesi yake ilipita mlango gani.

Mwenye kalamu

Tanzania Bara na Kenya zina DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, mmoja kila upande. Marekani haina mtu kama huyo. Mahakama za shirikisho zimegawanywa katika wilaya 94, na waendesha mashtaka wakuu wa huko huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Kwenye majimbo, mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti kwa kawaida huchaguliwa kwa kura. Anaweka mabango, anaomba michango, anaahidi kuwa mkali au kuwa mpole, kama mgombea ubunge. Mashtaka ya tendo lilelile yanaweza kubadilika kwa kuvuka tu mpaka wa kaunti.

Yeye ndiye huamua kama ashtaki, ashtaki nini, na lini aachane na kesi. Jaji hawezi kumlazimisha. Chukua heroini. Sheria ya shirikisho inasema msambazaji wa gramu 100 au zaidi hafungwi chini ya miaka mitano, na wa kilo moja au zaidi hafungwi chini ya miaka kumi. Uzito unaovusha mpaka lazima uthibitishwe mahakamani au mshtakiwa aukiri mwenyewe. Mwendesha mashtaka akiamua kutouandika kwenye hati, ile sakafu ya miaka kumi haipo. Akiuandika, jaji hata akimwonea huruma mshtakiwa hawezi kushuka chini yake, isipokuwa kwa njia chache. Njia inayojulikana zaidi ni mshtakiwa kuwasaidia wachunguzi, na hata hapo ombi la kushusha lazima litoke kwa mwendesha mashtaka mwenyewe.

Kukamatwa

Filamu zimetufundisha kwamba polisi asipokusomea haki zako, kesi inakufa. Haifi. Sharti hilo, lililotokana na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1966, linahusu kuhojiwa ukiwa chini ya ulinzi. Likivunjwa, kwa kawaida maneno uliyoyasema hayatatumika kuthibitisha kosa lako. Ushahidi mwingine unabaki na kesi inaendelea. Watu huponzwa pia na kukaa kimya tu. Kwa uamuzi wa mwaka 2010, anayetaka kinga ya kunyamaza lazima aitamke, na anayetaka wakili lazima aseme wazi "nataka wakili". "Labda nizungumze na wakili kwanza" haitoshi. Na polisi wa huko, katika hali nyingi, wanaruhusiwa kukudanganya wanapokuhoji, kwa mfano kwamba mwenzako ameshakutaja.

Aliyekamatwa bila hati anatakiwa, kwa kawaida ndani ya saa 48, awe amepata jaji au hakimu wa kupima kama kuna sababu ya msingi ya kumshikilia. Swali la dhamana nalo huja mapema. Katika majimbo mengi dhamana ni fedha taslimu. Tuseme imepangwa dola 10,000. Ndugu wakiziweka zote mahakamani, zitarudi kesi ikiisha mradi mshtakiwa alihudhuria. Wasipokuwa nazo huenda kwa mfanyabiashara wa dhamana, anayewawekea yeye na kutoza kwa kawaida asilimia 10. Hizo dola 1,000 hazirudi, hata mashtaka yakifutwa kesho yake. Illinois ilifuta kabisa dhamana ya fedha Septemba 2023. Kwenye shirikisho swali kubwa si fedha: je, atatoroka, je, ni hatari? Ndiyo maana Combs aliahidi dhamana ya dola milioni 50 na bado akabaki rumande.

Kwa makosa makubwa ya shirikisho, mashtaka lazima yapite kwa juri kuu: raia 16 hadi 23, ambao 12 wakikubali, hati inatoka. Hapa tafsiri za habari huchafuka sana, maana "juri kuu imemshtaki" husomwa kama "amepatikana na hatia". Juri kuu humsikiliza mwendesha mashtaka na mashahidi wake tu, mlango ukiwa umefungwa, bila jaji chumbani wala wakili wa mshtakiwa. Kazi yake ni kupima kama kuna jambo la kujibu. Kunyimwa hati na watu hao ni nadra.

Wakili wa bure

Mwaka 1961 Clarence Earl Gideon alishtakiwa Florida kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Hakuwa na fedha, akaomba wakili, akanyimwa, akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani aliandika ombi kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu. Mwaka 1963 majaji wote tisa walikubaliana naye: anayeshtakiwa kwa kosa kubwa na asiyeweza kulipa, serikali lazima impe wakili. Kesi yake ilisikilizwa upya akiwa na wakili, naye akaachiwa huru.

Wakili wa umma hulipwa na serikali, na kutokana na hilo watu hudhani yuko upande wa mashtaka. Hayuko. Kiapo chake ni kwa mteja, na siri za mteja hazitoi. Wengi wao wanaijua mahakama yao, majaji wake na waendesha mashtaka wake kuliko wakili wa kukodi anayetoka mbali. Udhaifu wake ni mafaili. Akiwa na wateja mia, hawezi kwenda kumtafuta kila shahidi, wala kusoma kila karatasi ambayo upande wa mashtaka unalazimika kumpa tangu uamuzi mwingine wa mwaka huohuo wa 1963, yaani kila ushahidi wa maana unaomsaidia mshtakiwa. Mafaili hayo humsukuma yeye pia kuelekea mahali kesi nyingi zinapoishia.

Mezani

Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilitaja takwimu ambazo zingepaswa kubandikwa kwenye kila filamu ya mahakama: asilimia 97 ya waliotiwa hatiani kwenye shirikisho, na asilimia 94 kwenye majimbo, walikiri makosa. Hakukuwa na juri wala mashahidi waliokula kiapo. Kulikuwa na mazungumzo, kisha mshtakiwa akasimama mbele ya jaji na kusema ametenda.

Wasomaji wa pwani wanaujua mfano mkubwa wa haya. Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa Mombasa Novemba 2014, wakapelekwa New York Januari 2017, na Oktoba 2018 wakakiri mashtaka, yakiwemo ya kula njama ya kuingiza heroini Marekani na kuwahonga maofisa wa Kenya ili wasisafirishwe. Baktash alipewa miaka 25 Agosti 2019, Ibrahim miaka 23 Januari 2020. Waliosubiri mashahidi wataje majina ya vigogo mbele ya juri hawakupata kitu, kwa sababu siku ya kukiri juri haina kazi.

Kwa nini mtu akiri na akubali miaka 20 na ushee? Kwa sababu anapima kilicho mezani dhidi ya kile kitakachomkuta akishindwa. Pengo kati ya hivyo viwili hupangwa na mwendesha mashtaka, na sheria inamruhusu alitumie. Katika kesi ya Kentucky iliyoamuliwa mwaka 1978, Paul Hayes alishtakiwa kwa hundi ya kughushi ya dola 88.30, kosa la miaka miwili hadi kumi. Aliambiwa: kiri, tutaomba miaka mitano, ukikataa, tutakushtaki chini ya sheria ya wahalifu sugu. Alikataa. Alipata kifungo cha maisha, na Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema mwendesha mashtaka hakuvunja Katiba. Kuna watu hukiri kosa ambalo hawakulitenda, na ukiitazama hesabu ya Hayes huwezi kushangaa.

Tanzania iliweka utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa mwaka 2019 na Kenya mwaka 2008, kwa hiyo wazo si geni kwetu. Tofauti ni kwamba Marekani mfumo mzima unaliegemea. Kama hata robo ya washtakiwa wangedai juri kwa wakati mmoja, mahakama zingesimama.

Watu 12

Anayekataa kukiri anaweza kwenda mbele ya juri. Tusiichanganye na wazee wa baraza wanaofahamika Tanzania, ambao maoni yao hayamfungi jaji. Juri ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu hatia. Jaji husimamia sheria na kuamua ushahidi gani uingie. Kwenye kesi ya kawaida ya kosa kubwa la shirikisho, utetezi unaweza kuwaengua watu 10 bila kutoa sababu na upande wa mashtaka sita, lakini si kwa rangi wala jinsia. Uamuzi lazima uwe wa wote. Tangu 2020 hakuna jimbo linaloruhusiwa kumtia mtu hatiani kwa kura 10 dhidi ya mbili. Wakishindwa kukubaliana, kesi imekwama na inaweza kuanza upya. Wakimwachia huru, imekwisha. DPP wa Tanzania au Kenya anaweza kukata rufaa dhidi ya kuachiwa huru. Mwenzake wa Marekani hawezi.

Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari, alishtakiwa New York kwa milipuko ya Agosti 7, 1998 kwenye balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi, iliyoua watu 224. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa serikali kwa sababu jina lake lilipatikana kupitia mahojiano ya kumshurutisha mshtakiwa. Novemba 2010 juri ilimwachia huru kwa mashtaka zaidi ya 280, yakiwemo yote ya mauaji, ikamtia hatiani kwa moja: kula njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali. Wengi walisema ameponyoka. Januari 2011 alipewa kifungo cha maisha. Shtaka hilo moja lilibeba adhabu ya kuanzia miaka 20 hadi maisha, na katika kupima, jaji hakulazimika kufumba macho mbele ya yale mengine. Kwa miongo kadhaa sheria ya shirikisho iliruhusu hata matendo ambayo juri haikuyakubali yaongeze adhabu, mradi jaji aone kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa yalitendeka. Miongozo ya adhabu ilibadilishwa kuhusu hilo Novemba 2024 tu.

Jedwali

Miongozo hiyo ni jedwali. Upande mmoja kuna ngazi 43 za uzito wa kosa, upande mwingine makundi sita ya rekodi ya mshtakiwa. Ngazi hupanda kwa kiasi cha fedha kilichoibwa, uzito wa dawa, silaha, uongozi wa kundi, na hushuka kwa kukubali kosa. Asiye na rekodi aliye ngazi ya 24 anasomewa miezi 51 hadi 63. Akikiri mapema anaweza kushuka ngazi tatu, hadi miezi 37 hadi 46. Tangu 2005 jedwali ni ushauri, jaji anaweza kutoka nje yake akitoa sababu. Kinachomfunga ni kima cha chini kilichowekwa na sheria na kima cha juu.

Sasa turudi kwa Combs. Maisha ilikuwa kima cha juu cha mashtaka ya genge la uhalifu na biashara ya ngono. Juri ikamwachia huru kwa hayo matatu. Yalibaki mawili ya kusafirisha watu kwa ukahaba, miaka kumi kila moja: kima cha juu kikashuka hadi 20. Upande wa mashtaka uliomba isipungue miezi 135, utetezi ukaomba 14, jaji Arun Subramanian akatoa 50. Muda wa rumande tangu Septemba 2024 unahesabiwa humo.

Shirikisho lilifuta parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, kwa makosa ya kuanzia Novemba 1, 1987. Mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa hadi siku 54 kwa kila mwaka aliohukumiwa, kwa hiyo aliyepewa miaka kumi huweza kuokoa siku 540. Punguzo hilo ni kwa vifungo vinavyozidi mwaka mmoja tu. Ndiyo maana utawasikia mawakili wakimwomba jaji amwongezee mteja wao siku: mwaka mmoja na siku moja. Aliyepewa miezi 12 kamili hutumikia yote 12. Mwenzake mwenye siku moja zaidi anaweza kutoka baada ya miezi kumi na kidogo. Majimbo yana hesabu zake. Mengi bado yana parole.

Siku hiyo moja ina sura nyingine kwa asiye raia, wakiwemo maelfu ya wakimbizi wa Kongo na Burundi walioko Marekani wakizungumza Kiswahili nyumbani. Kwa sheria ya uhamiaji, wizi uliopewa kifungo cha mwaka mmoja au zaidi huingia kundi la makosa yanayofunga karibu kila mlango wa kuzuia kufukuzwa nchini, hata kama kifungo kiliahirishwa na mtu hakulala gerezani hata usiku mmoja. Hata kesi ambayo hakimu wa jimbo ameahidi kuifuta mshtakiwa akimaliza uangalizi, ikiwa alikiri na kupewa sharti lolote la adhabu, uhamiaji huihesabu kuwa hatia. Tangu 2010 wakili wa utetezi anawajibika kumweleza mteja hatari hiyo kabla hajakiri. Mteja naye amwambie wakili mapema kwamba si raia, na aombe mkalimani wa Kiswahili badala ya kuitikia "yes" kwa heshima. Mbele ya jaji wa uhamiaji hakuna wakili wa kulipiwa na serikali. Washington mwaka 2011, California 2015 na New York 2019 zilishusha kima cha juu cha makosa madogo kutoka siku 365 hadi 364 kwa sababu hiyo. Kwingineko, wakili anayejua kazi yake atamwachia mteja raia aombe mwaka na siku moja, na kwa asiye raia atapigania siku 364.